Tangi Namba Nne Limenuna

Uwele ulinuka mafuta ya taa.

Nkwimba alikuwa ameingiza mkono kwenye kihenge hadi kwapani, akachota kutoka chini kabisa, kule ambako nafaka hukaa kavu hata mvua ikinyesha mwezi mzima. Akanusa. Akanusa tena. Katika boma lile hakuna aliyewasha kibatari tangu mumewe akiwa hai, na visima vya mafuta ya ardhini vilikuwa vimezibwa dunia nzima kabla mwanawe wa mwisho hajaota meno. Lakini mtu wa umri wake haisahau harufu ile. Akatia punje tatu mdomoni, akatafuna. Kwanza ukaja utamu. Kisha ute. Kisha ulimi ukateleza kama umelamba kizibo cha kopo.

Alitema, akakaa chini palepale, miguu kainyoosha mbele kama mtoto.

"Mayu, kuna nini?" Sayi aliuliza kutoka mlangoni. Sayi alimwita mayu, yaani mama, maana alikuwa mkwewe, mke wa huyo mwanawe wa mwisho, na alikuwa amebeba mapacha wake wa miezi minne, Kulwa mgongoni, Doto kifuani. Doto alinyonya, akaachia, akalia, akanyonya tena. Maziwa ya leo yalikuwa machache kuliko ya jana, na ya jana yalikuwa machache kuliko ya juzi.

"Hamna kitu," Nkwimba akasema.

"Hamna kitu, hamna neno? Au hamna kitu, hamna cha kula?"

"Usinichekeshe, mwanangu."

"Sikuchekeshi, mayu. Nauliza."

Kabla hajajibiwa, aliingia Ng'washi bila kupiga hodi, dada wa marehemu mumewe Nkwimba, mwanamke mrefu ambaye hajawahi kuamini kitu alichoambiwa na mtu mmoja. Alikuwa na uwele kwenye kata, ameushika mbali na pua yake.

"Wifi, nusa."

"Sina haja ya kunusa. Hadi kwako imefika harufu hii?"

"Imefika! Mimi ambaye kuku wangu hawajaonja machicha ya kiwanda hata siku moja. Nyie mlipokuwa mnabeba ndoo nilisema, kuku wangu hawali makombo ya ndege."

"Kuku naye ni ndege, wifi."

"Ndege ya kupanda watu, usinizungushe maneno." Ng'washi akaimwaga nafaka ile uani, na kuku wa Nkwimba wakaja mbio, wakadonoa, wakasita, wakaondoka. "Sasa nieleze. Kama sikuleta machicha nyumbani kwangu, hiki kitu kimeingiaje kwenye kihenge changu? Kimepanda punda?"

Nkwimba alikuwa anatazama upande wa kiwanda cha mafuta ya ndege, ambako mvuke mweupe ulikuwa unatoka kwenye mabomba ya matangi manane. Upepo uliulaza mvuke ule chini, ukaupeleka juu ya mashamba, moja kwa moja hadi kwa Ng'washi, na kutoka hapo ukaendelea na safari.

Mvua ilikuwa imenyesha siku arobaini na mbili. Udongo mweusi wa mbuga za Kishapu ulikuwa umegeuka gundi. Lori la mwisho lililojaribu kuja kutoka Shinyanga lilizama hadi kwenye vioo, dereva akatokea dirishani. Daraja la reli lilikwenda na maji. Zilibaki ndege. Kila siku ya tatu ndege moja ilitua kwenye uwanja wa kiwanda ikiwa na mahindi kutoka Mbozi, ikanywa mafuta, ikarudi. Redio ilisema nafaka inaharibiwa na ukungu wa mvua, watu wawe na subira, ndege zitakuja mpaka barabara ikauke. Wiki sita nyingine, redio ilisema.

"Leo siendi kungoja kengele ya zamu," Nkwimba akasema, akinyanyuka kwa kushika ukuta. Aliingia ndani, akafunua kibuyu kilichozibwa kwa nta na majivu, akanusa, akachota konzi moja ya mwisho iliyobaki humo. Akaifunga kwenye pembe ya kanga. "Naenda sasa hivi."

"Mvua hii?"

"Mvua hii."

*

Ukutani kwenye geti la kiwanda cha Mwabusalu kulikuwa na maandishi makubwa ya bluu, na Nkwimba, ambaye aliishia darasa la nne, aliweza kuyasoma bila kutaja herufi mojamoja: CHACHU HII HAILI NAFAKA. Ndiyo maana wanawake waliruhusiwa kubeba machicha, makapi yanayobaki kwenye matangi. Tena nani angewazuia? Hakuna mpika pombe Usukumani anayemwaga machicha. Ni chakula cha kuku na nguruwe, na kuyamwaga ni utovu wa adabu kwa chungu kilichokulisha.

Kazi ya kiwanda ilikuwa nyepesi kuieleza, ingawa wataalamu waliieleza kwa saa nzima. Mabua ya mtama na uwele, yale ambayo zamani yalichomwa moto shambani, yalikatwakatwa, yakapikwa kwa mvuke mpaka yakatoa utamu wake. Maji hayo matamu yalimiminwa kwenye tangi. Ndani ya tangi kulikuwa na chachu iliyoumbwa maabara, huko mbali, ifanye kitu ambacho chachu ya pombe haifanyi: inywe utamu, iteme mafuta. Mafuta yalielea juu, yakaenguliwa, yakapandishwa kwenye mnara, yakachujwa kwa moto, yakatoka meupe kama maji. Ndege ikiyachoma, moshi wake ni ule ule ambao bua liliuvuta kutoka angani lilipokuwa shambani. Haukuongezeka moshi mpya. Kwa sababu hiyo dunia ilizuia ndege zote kunywa kitu kingine. Na kwa sababu hiyo mafuta hayakutosha popote. Kila nchi ilikunywa yake ikayamaliza, na hakuna iliyokuwa na tone la kumkopesha jirani.

Waliotengeneza chachu ile walijua hatari. Waliinyima meno ya kulia nafaka. Wanga wa punje, walisema, kwake ni kama nyumba iliyofungwa kufuli.

Nkwimba aliajiriwa kwa sababu mashine zao zilipima joto na uchachu lakini hazikuweza kusema kwa nini tangi limenyamaza. Yeye aliweka sikio kwenye chuma, akanusa bomba, akasema. Walimwita mlezi wa chachu, wakampa koti jeupe na daftari. Kwa wapika pombe, chungu kikiacha kutoa mapovu kinaitwa kimenuna. Na chungu kilichonuna kina dawa yake, na dawa hiyo ina mwiko wake: unaitia kimya, na humwambii mtu umetia nini, maana kukitangaza chungu kwamba kilikushinda ni kukiaibisha, na chungu kilichoaibishwa hakikupi tena.

Hayo ndiyo aliyokuwa anayawaza alipofungua mlango wa maabara na matope yake yote.

"Shikamoo bibi! Umeniwahi," Injinia Atupele akasema. Alikuwa binti wa Mbozi mwenye miaka thelathini hivi, mchangamfu, na alikuwa anapanga chupa ndogo za chuma kwenye masanduku. Chupa arobaini. "Njoo uwaage wajukuu zako. Kesho saa tisa mchana, ndege ya mahindi ikishapakua, inaondoka nao. Viwanda arobaini, bibi, nchi kumi na saba, na wote wanataka chachu ya tangi namba nne tu. Mwakani watakuwa mia nne. Anga litasafishika kwa mkono wako."

"Marahaba. Acha hizo kwanza. Nisomee daftari langu."

"Daftari lipi?"

"La miaka mitatu iliyopita. Mwezi wa saba, ile baridi."

Atupele alicheka kabla hata hajalifungua. "Najua kwa moyo. 'Tangi namba nne limenuna. Nimelibembeleza.' Kesho yake: 'Bado limenuna. Nimelibembeleza.' Siku tisa hivyo hivyo. Halafu: 'Limeamka.' Bibi, nakala ya ukurasa huo imebandikwa ofisini Dodoma. Mkurugenzi anawaonyesha wageni, anawaambia kwetu matangi yanaimbiwa nyimbo."

"Sikuliimbia."

"Ni namna ya kusema tu."

"Mwanangu, mtoto akinuna kwa njaa unambembeleza kwa nini?"

Tabasamu la Atupele lilibaki usoni kidogo, kama mtu aliyesahau kuzima taa. Nkwimba akafungua fundo la kanga, akamwaga kilichomo mezani, katikati ya chupa. Punje za uwele zenye vimizizi vilivyokauka, zimetwangwa nusu.

"Hiki ni kimea," akasema. "Unaloweka uwele, unaufunika, unaota, unauanika. Punje inakuwa imeshajifungua yenyewe. Chungu kikinuna unakipa konzi moja kwa maji ya uvuguvugu, kinaamka. Kwetu hiyo ndiyo kubembeleza. Nililibembeleza hivyo tangi namba nne siku tisa. Siku ya kumi likaanza kuchemka kuliko yote."

"Ulilitia nafaka."

"Nililitia nafaka iliyolainika. Naona baada ya hapo lilijifunza na ngumu."

Atupele alifungua friji ndogo ya pembeni, akatoa kichupa cha chachu ile ya kwanza kabisa, iliyoletwa na waliotengeneza. Akachukua na tone la tangi namba nne. Akatia maji na mahindi safi ya msaada kwenye chupa mbili za kioo, ya kwanza akaitia chachu ya friji, ya pili ya tangi, akaziingiza kwenye kabati la kuharakisha, lile linalofanya siku moja ipite kwa nusu saa. Nkwimba akakizoa kimea chake, akakifunga tena kwenye kanga, wakakaa kwenye viti, bega kwa bega, mvua ikipiga bati.

"Kila mwaka napima," Atupele akasema taratibu. "Mara tatu. Kila mwaka inasema haili nafaka."

"Unapima ipi?"

Atupele akatazama friji. "Hiyo ya humo."

"Basi hiyo haikuwahi kununa."

Kabati likalia. Katika chupa ya kwanza, mahindi yalikuwa yamelala chini, mazima, na maji juu yake masafi. Katika chupa ya pili mahindi yalikuwa makapi, na juu yake kumeelea duara ya mafuta, nyembamba, yenye rangi zote kama mgongo wa njiwa.

*

Waliyahangaikia mambo kwa mdomo, wakitafuta mlango.

"Tuyachemshe matangi yaliyoharibika, tuache mazima," Nkwimba akasema.

"Hakuna zima, bibi. Namba nne lilipoyashinda mengine ukapewa zawadi, tuligawa chachu yake kwenye yale saba. Yote ni watoto wake."

"Hiyo ya friji?"

"Kuikuza mpaka ijaze tangi moja ni wiki saba."

"Barabara ni wiki sita."

"Bila matangi haya hakuna ndege nchi nzima. Akiba iliyopo ni ya safari nne, na wagonjwa wanaosafirishwa kwa ndege kutoka visiwani watagombea humo humo." Atupele alisimama, akaanza kutembea. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Bibi, nisikilize. Chupa hizi arobaini nazimwaga leo, nasema zimechafuka. Hazitoki. Tunabaki kimya wiki sita. Ndege zinakuja, watu wanakula. Barabara ikikauka ndipo tunasema."

Nkwimba alilitamani jambo lile kama mtu anavyotamani maji. Akilini alimwona Doto anaachia ziwa.

"Na magunia?" akauliza.

"Magunia gani?"

"Matupu. Yamerundikwa pale shuleni tangu ndege ya kwanza. Kesho yanarudishwa Mbozi yakajazwe tena. Kabla ya hapo yalilala kwenye nyumba zetu, mwanangu, pamoja na uwele wetu."

"Tutayachoma."

"Na matairi ya ndege? Na upepo?" Alimweleza habari ya Ng'washi, mwanamke ambaye hakuwahi kubeba machicha na kihenge chake kinanuka. "Matangi yanahema kila siku, na pumzi yake inakwenda. Wiki hii imefika kwa wifi yangu. Wiki ijayo Maswa. Wewe mama yako analima nini?"

Atupele aligeuza uso.

"Mahindi," akasema. "Eka tano. Ndiyo haya tunayokula."

Saa kumi jioni kulikuwa na mazungumzo ya kila wiki na Dodoma, kwenye kioo cha video ukutani. Atupele alisema kipimo kimoja cha nusu saa hakimtoshi Mkurugenzi, atasema ni kosa la chupa, ataagiza kipimo kirudiwe kwa mwezi mmoja na ndege ya kesho iondoke. Anachoweza kukiamini ni mtu aliyefanya mwenyewe aseme alifanya nini.

"Sitakuita," akasema. "Ukija, umekuja. Usipokuja nitamwaga chupa na nitanyamaza, na Mungu atanihukumu kwa nusu ya dhambi hiyo. Mimi siwezi kuwanyima watu wako chakula kwa mdomo wangu, bibi. Mimi ni mgeni hapa."

*

Nyumbani aliwaambia wawili tu, Sayi na Ng'washi, jikoni, akiwa bado amelowa. Aliwaambia yote, hata kimea, na mwiko ukavunjika mara ya pili siku hiyo. Hakusikia kitu chochote kikivunjika.

Ng'washi ndiye aliyeanza. "Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi."

"Hata mimi ningelitia kimea," Ng'washi akasema baada ya kufikiri. Alisema kwa hasira, kama anayemtukana mtu. "Tangi limenuna, ungefanyaje? Ulitazame?"

Sayi hakuwa amekaa. "Mayu, hujaenda bado."

"Sijaenda."

"Basi usiende." Alimshusha Kulwa mgongoni, akamlaza juu ya mapaja ya bibi yake, akamtoa na Doto kifuani, akamlaza pembeni ya nduguye. Watoto wepesi. Nkwimba alikuwa amekwisha kubeba watoto wengi, na mikono yake ilijua mtoto wa miezi minne anapaswa kuwa na uzito gani. "Washike. Ukishawashika vizuri, niambie huko Mbozi kuna mtoto gani unayemjua jina."

"Simjui hata mmoja."

"Hawa unawajua."

"Nawajua."

"Zimebaki siku sita tu za kuwa na maziwa. Najipima mwenyewe, nisikudanganye. Ndege ikija kesho nakula, wananyonya. Ndege isipokuja..." Sayi alishindwa kuimaliza, akaikata kwa kuifuta meza ambayo ilikuwa safi. "Wewe uliwalisha wanao wote kwa pombe yako baba yao alipokufa. Hukuwahi kumhesabu mtoto wa mtu mwingine kwanza."

Nkwimba aliwatazama watoto. Doto alikuwa amekamata kidole chake, anakinyonya, na alikinyonya kwa bidii kana kwamba kuna kitu kitatoka.

"Kile kitu hakiishii Mbozi," akasema mwisho. "Kikitoka hapa kinakwenda mpaka kusiwe na mahali pa kuagizia mahindi. Ndege zitakuwepo, mwanangu. Zitaruka vizuri sana. Hazitakuwa na cha kubeba."

"Hayo ni ya mwakani. Mimi nazungumza habari ya wiki hii."

"Najua."

"Unajua, na unaenda."

Aliwarudisha watoto, mmoja mmoja. Sayi aliwapokea bila kugusa mikono ya mkwewe, na si jambo rahisi kupokea mtoto mchanga hivyo. Ng'washi akachukua mwavuli.

"Nitamsindikiza," akasema. "Ataanguka kwenye matope halafu watu waseme alikufa shujaa. Sitaki kelele hizo msibani."

*

Kwenye kioo Mkurugenzi alikuwa na tai na kikombe cha chai. Nyuma yake ukutani, kwenye fremu, Nkwimba aliuona mwandiko wake mwenyewe.

Alisema alichofanya. Alisema kwa maneno machache, kama anavyoandika. Siku tisa, konzi moja kwa siku, maji ya uvuguvugu. Atupele aliinua chupa mbili mbele ya kamera.

Mkurugenzi aliweka kikombe chini. "Bibi, unaelewa unachosema? Nikiyaandika haya, kuanzia kesho hakuna ndege. Si kwenu tu. Popote."

"Naelewa."

"Miaka mitatu hukusema. Kwa nini?"

"Mlisoma, baba. Mmeutundika ukurasa hapo nyuma yako."

Mkurugenzi aligeuka, akatazama fremu.

"Ulipokuwa unatia kimea hicho," akauliza bila kugeuka, "uliwaza nini?"

"Niliwaza limenuna."

*

Waliyachemsha asubuhi iliyofuata. Mvuke wa kupikia mabua ulielekezwa ndani ya matangi, na chachu ikafa tangi baada ya tangi. Mwanzoni kila tangi lilichemka kwa nguvu kuliko siku zote, kama linafurahi, kisha likakoroma, kisha likanyamaza. Atupele alifungua koki saba. Ya nane, ya tangi namba nne, alimwachia mlezi wake. Nkwimba alifungua kwa mikono miwili, maana ilikuwa ngumu, na hakuna aliyemsaidia kwa kuwa hakuna aliyejua kama ni heshima au matusi kumsaidia.

Katika akiba ya nchi, Mwabusalu ilipewa safari moja. Ndege ilikuja saa tisa, saa ile ile ambayo chupa zingeondoka. Haikutua. Rubani aliagizwa asiguse udongo wa pale, kwa hiyo alishuka chini, akapita juu ya uwanja wa shule mara sita, na magunia yakadondoka kutoka tumboni mwa ndege. Magunia mia na ishirini, kwa watu elfu kumi na moja. Mengine yalitua. Mengine yalipasuka, na mahindi yakamwagika kwenye gundi nyeusi ya mbuga, na watu wazima wakapiga magoti wakayaokota moja moja, kimya, kama watu wanaotafuta sindano. Nkwimba naye alipiga magoti. Mwanamke aliyekuwa kushoto kwake alimtambua, akajisogeza mbali kidogo, akaendelea kuokota. Ng'washi akaja akajaza nafasi ile.

"Hawa watakuchukia mpaka barabara ikauke," Ng'washi akasema.

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo watakuwa wamezoea. Okota, wifi. Unaokota kama mtu anayechagua shanga."

Ndege ilipinda kusini, ikawa ndogo, ikaisha. Watu wote walibaki wameinua vichwa kwa muda, hata baada ya sauti kwisha. Kisha ukimya ukashuka, na Nkwimba akagundua kwamba matangi nayo hayasikiki. Kwa miaka tisa alikuwa amelala na kuamka na mngurumo ule.

Siku ya tatu alirudi kiwandani kuandika, kwa sababu daftari lilikuwa bado lake na hakuna aliyemwambia aache. Alipanda ngazi ya tangi namba nne, akaweka sikio kwenye chuma. Baridi. Hakuna povu. Mkono wake wa kulia, bila kuulizwa, ulikuwa umeshashuka kwenye pembe ya kanga na kulishika fundo. Alilazimika kuutazama ndipo ukaacha.

Akashuka, akaketi kwenye ngazi, akaandika kwa herufi kubwa zilizonyooka ili asomaye asiweke wimbo mahali ambapo haupo:

*Tangi namba nne limenuna. Sikulibembeleza.*

Kisha akaenda nyumbani. Alifungua fundo juu ya mawe ya kusagia, akasaga konzi ile ya kimea taratibu, asipoteze hata vumbi lake, akapika uji mwepesi wa mzazi. Akaumimina wote kwenye kikombe kimoja, akaupeleka kwa Sayi.

Sayi alikuwa amelala ubavu na watoto wawili kifuani, siku tatu hajamsemesha. Aliketi. Alipokea kikombe, akakileta puani kabla ya mdomo, akanusa muda mrefu, macho kayafumba.

"Haunuki," akasema.

"Haunuki."

Akanywa nusu, akapumzika, akatazama ndani ya kikombe.

"Kimea kimebaki kiasi gani?"

"Ni hicho," Nkwimba akasema, akakaa chini kumngoja amalize.